Askari 1,128 na mabasi 32: uchambuzi wa swali moja la mtihani

Katika tathmini ya tatu ya kitaifa ya hisabati nchini Marekani, iliyofanywa chini ya mpango unaojulikana kama NAEP, wanafunzi wenye umri wa miaka 13 waliulizwa swali ambalo mwalimu yeyote angeliona la kawaida kabisa: basi moja la jeshi huchukua askari 36; ikiwa askari 1,128 wanasafirishwa kwenda kwenye kituo chao cha mafunzo, yanahitajika mabasi mangapi? Matokeo yalipochapishwa mwaka 1983, ilionekana kwamba ni asilimia 23 tu ya wanafunzi waliokuwa wameandika 32. Asilimia 29 waliandika kwamba yanahitajika mabasi "31 baki 12", na asilimia 18 wakaandika 31. Waliosalia, karibu asilimia 30, walishindwa kuufanya mgawanyo wenyewe kwa usahihi.

Takwimu hizo zimenukuliwa sana katika maandishi ya elimu, na mara nyingi hutajwa ili kuthibitisha kwamba watoto hukokotoa bila kufikiri. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ina haraka. Inamtwisha mtoto lawama yote, ilhali swali lenyewe, karatasi iliyolibeba na mwongozo uliotumika kulisahihisha vyote vilichangia kuyazaa matokeo hayo. Ninalichukua swali hili moja na kulifuata kwa karibu kwa sababu ni nadra swali dogo namna hii kurudiwa na watafiti wengi kiasi hiki: limebadilishwa namba, limebadilishwa mazingira, limewekewa tahadhari, limetolewa kwenye karatasi na kupelekwa kwenye simu. Kila linapoguswa, kiwango cha ufaulu husogea, au hukataa kusogea, kwa namna yenye maana.

Asilimia 23 inapima nini?

Tuanze na hesabu yenyewe. Mabasi 31 yakijaa hubeba askari 1,116. Wanabaki 12, nao hawawezi kuachwa, kwa hiyo basi la 32 linaondoka likiwa na viti 24 vitupu. Mtahiniwa aliyeandika "31 baki 12" amefanikiwa katika hatua mbili kati ya tatu. Ametambua kwamba hapa panahitajika kugawanya, si kuzidisha wala kutoa, na amegawanya namba ya tarakimu nne kwa namba ya tarakimu mbili bila kukosea. Aliyeandika 31 naye alifika palepale, kisha akaiacha baki. Ukijumlisha makundi matatu, yaani 29, 18 na 23, unapata asilimia 70. Maana yake ni kwamba wanafunzi saba kati ya kila kumi walikuwa na ujuzi wa kugawanya, na kwamba katika hao walioweza kugawanya, takribani theluthi moja tu ndio waliolirudisha jibu lao kwenye habari ya mabasi na kuamua kwamba lazima liongezwe moja.

Sasa mfikirie mwalimu anayeletewa taarifa ya mstari mmoja isemayo kwamba katika swali la kugawanya waliofaulu ni asilimia 23. Bila shaka atarudia somo la kugawanya kwa njia ndefu na kutoa mazoezi mengi zaidi ya namba tupu, na mwisho wa yote atakuwa na darasa linaloandika "31 baki 12" kwa kasi zaidi kuliko mwanzo. Hatakuwa amezembea, maana amefuata alichoambiwa na alama, na alama hiyo ilikuwa imefunga vitu viwili katika tarakimu moja.

Samuel Messick, ambaye andiko lake la mwaka 1989 kuhusu uhalali wa vipimo bado ni msingi katika fani hii, alitaja hatari mbili kuu: mtihani unaweza kuacha sehemu ya kile ulichokusudia kupima, au unaweza kupenyezewa kitu ambacho haukukusudia kukipima. Swali la mabasi linaweza kuangukia hatari ya pili kwa njia mbili zinazopingana. Ikiwa mtunzi alitaka kupima ukokotoaji, lile basi la 32 ndilo kitu kilichopenyezwa, kwa kuwa linamnyima alama mtoto anayejua kugawanya. Ikiwa alitaka kupima uamuzi juu ya baki, namba 1,128 na 36 ndizo zilizopenyezwa, kwa kuwa ziliwaangusha watu karibu theluthi moja kabla hawajafika kwenye uamuzi wenyewe. Askari 40 na mabasi ya watu 12 wangetosha kabisa kwa kazi hiyo. Kusema kwamba swali lilikusudiwa kupima yote mawili kwa pamoja si kosa, ila anayesema hivyo anapaswa kukubali kwamba alama moja ya sahihi au si sahihi haitamwambia ni lipi kati ya mawili lililomshinda mtoto.

NAEP haimpi mwanafunzi mmoja mmoja alama, bali hutoa picha ya makundi, na kwa sababu hiyo hakuna mtoto aliyeshindwa mtihani wowote kwa ajili ya basi la 32. Pia waliotoa taarifa walichapisha majibu yenye kosa pamoja na asilimia zake, jambo ambalo ndilo lililokifanya kisa hiki kiweze kuchambuliwa. Katika mtihani wa kawaida wa shule, "31 baki 12", 31 na 40,608 yote yangepata alama ya kosa ileile, na tofauti kati ya aliyebakiza hatua moja na aliyezidisha badala ya kugawanya ingezikwa kwenye jumla.

Jibu lenye historia

Kwa mtu aliye nje ya darasa, mabasi "31 baki 12" ni jibu la kuchekesha. Ndani ya darasa lina historia yake. Kwa miaka kadhaa mtoto amepewa namba mbili, akagawanya, akaandika baki pembeni na kuwekewa alama ya vema. Habari ya vitabu, kamba au magari iliyozizunguka namba hizo ilikuwa pambo, na aliyejua kulipuuza pambo alimaliza mapema. Kipimo cha jinsi mazoea haya yanavyokuwa na nguvu kilitoka Ufaransa, ambako mwaka 1980 taasisi moja ya utafiti wa ufundishaji wa hisabati jijini Grenoble ilieleza jinsi watoto wa madarasa ya chini walivyojibu swali hili: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, watoto 76 walitoa umri, wakiupata kwa kuzichanganya namba zilizokuwemo. Guy Brousseau, mtafiti Mfaransa wa ufundishaji wa hisabati, aliyaeleza mazoea ya namna hii kama mkataba usioandikwa kati ya mwalimu na mwanafunzi, ambao mojawapo ya masharti yake ni kwamba kila swali linaloulizwa lina jibu, na kwamba jibu hilo linatokana na namba zilizotolewa.

Mtoto anayeingia kwenye chumba cha mtihani huingia na mkataba huo mfukoni. Anachokisoma si sentensi zilizo mbele yake pekee, bali pia aina ya karatasi, nafasi iliyoachwa ya jibu, na maswali yaliyotangulia. Iwapo maswali tisa ya kwanza yalitaka kugawanya na kuandika baki, la kumi linasomwa kwa macho yaleyale hata kama maneno yake ni mengine.

Swali lilelile nje ya karatasi

Jaribio linaloangaza jambo hili vizuri zaidi kwa maoni yangu ni la Thomas DeFranco na Frances Curcio, lililochapishwa mwaka 1997. Waliwachukua wanafunzi 20 wa darasa la sita na kwanza wakawapa swali kwa mtindo wa kawaida: wazee 328 wanakwenda safari, basi moja linachukua watu 40, yanahitajika mabasi mangapi ili wote waende? Mabasi manane hubeba wazee 320, kwa hiyo jibu ni tisa. Wanafunzi wawili tu kati ya 20 walitoa jibu linalofaa. Baadaye watoto walewale waliwekwa kwenye hali tofauti: walielezwa habari ya sherehe ya darasa na wakatakiwa kupiga simu kuagiza magari madogo ya kuwapeleka wenzao huko. Safari hii watoto 16 kati ya 20 walitoa jibu linalofaa.

Mtu mwenye kupenda kukosoa atasema, na atakuwa na haki, kwamba watoto 20 ni wachache, kwamba namba za kwenye simu hazikuwa zile za kwenye karatasi, na kwamba kazi ya pili iliwakuta watoto wakiwa wameshaifanya ya kwanza. Hata hivyo, kutoka wawili hadi 16 ni umbali mkubwa mno kuelezwa na mambo hayo pekee, hasa kwa kuwa kiini cha kihisabati ni kilekile: gawanya, tazama baki, ongeza moja. Kilichobadilika ni kwamba jibu lilipata mpokeaji. Mtu anayeagiza gari kwa simu hawezi kutamka sehemu ya gari, kwa sababu upande wa pili kuna anayesubiri kuandika idadi. Kwenye karatasi hakuna anayesubiri chochote isipokuwa msahihishaji, naye mtoto ameshajifunza kile ambacho msahihishaji hupenda kuona.

Edward Silver, Lora Shapiro na Adam Deutsch walikuwa wameujaribu mwaka 1993 mtindo ulio katikati ya hizo hali mbili. Swali lao lilikuwa la watu 540 wanaokwenda kutazama mchezo kwa mabasi ya watu 40, na wanafunzi wa shule ya kati walitakiwa kuonyesha kazi yao na kuandika maelezo. Waliopata mabasi 14 walikuwa asilimia 43. Asilimia hiyo haipaswi kuwekwa moja kwa moja kando ya ile 23, kwa kuwa namba ni rahisi zaidi na wanafunzi ni wengine. Lililo na thamani zaidi ni kwamba maelezo yaliwaonyesha watafiti watoto waliojibu tofauti na 14 huku wakiwa na sababu nzuri: baadhi walipendekeza watu waliozidi wabanane kwenye mabasi yaliyopo, au watafutiwe gari dogo badala ya kulipia basi zima. Hao ndio waliofikiri kwa uhalisi kuliko wote, na msahihishaji anayetazama mstari wa jibu peke yake angewanyima alama.

Lakini si kila mabadiliko ya mtindo yanasaidia. Lieven Verschaffel, Erik De Corte na Sabien Lasure walipowapa wanafunzi wa darasa la tano nchini Ubelgiji mkusanyiko wa mafumbo ya hesabu yanayohitaji kuzingatia hali halisi, karibu nusu ya wanafunzi walilijibu la mabasi kwa busara, ambayo ni nafuu kuliko mafumbo mengine mengi katika mkusanyiko huo uliochapishwa mwaka 1994. Utafiti uliofuata mwaka 1997, uliohusisha watoto wa Japani na Ubelgiji, ulijaribu kuweka onyo mwanzoni mwa karatasi kwamba baadhi ya maswali yanaweza kuwa na utata au yasiwe na jibu la moja kwa moja. Onyo hilo halikuleta tofauti ya maana. Watunzi wa mitihani wanaopenda kutatua kila tatizo kwa sentensi moja iliyokolezwa wino juu ya ukurasa wangefaa kuyatafakari matokeo hayo, maana sentensi ya tahadhari inazungumza na mtoto akiwa bado yumo ndani ya mkataba uleule, ilhali simu ilimtoa.

Kama lingekuwa swali la kuchagua

Swali la NAEP lilimtaka mtahiniwa aandike jibu lake mwenyewe. Tuseme mtunzi aligeuze liwe la kuchagua, lenye machaguo A: 31, B: 31 baki 12, C: 32 na D: 1,164. Mara moja linakuwa swali jingine. Jambo la kwanza, ambalo kila mtu hulitaja, ni kubahatisha: asiyejua chochote ana nafasi moja kati ya nne. Kwangu mimi hilo ndilo dogo zaidi. La pili ni kwamba 31 na 32 yakikaa pamoja yanamnong'oneza mtahiniwa kwamba tofauti ya moja ina maana, na hivyo uamuzi ambao kwenye swali la kuandika alipaswa kuuzua mwenyewe sasa umewekwa mezani. La tatu ni kwamba anaweza kwenda kinyumenyume, azidishe 36 kwa 32 apate 1,152, aone askari wote wanaenea, na asigawanye kabisa.

La nne ndilo lenye athari kubwa, nalo linahusu vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi. Tuseme mtunzi hakuweka 31 wala 31 baki 12, akaweka 32, 1,164, 1,092 na 40,608, ambayo ni matokeo ya kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Mtoto aliyegawanya akapata 31 baki 12 halioni jibu lake popote, anachagua lililo karibu, na anapata alama bila kufanya uamuzi wowote juu ya baki. Asilimia ya ufaulu ingepanda sana na ripoti ingesema kwamba watoto wanaelewa. Brent Bridgeman, alipolinganisha mwaka 1992 maswali ya hesabu ya GRE, mtihani wa kuomba masomo ya uzamili, katika mtindo wa kuandika na wa kuchagua, aligundua jambo hilohilo: tofauti kati ya mitindo ilikuwa kubwa hasa pale machaguo yasipoakisi makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli. Inafaa kuongeza, kwa kuwa mara nyingi huachwa, kwamba alama za jumla za mitindo yote miwili zilifanana sana katika uhusiano wake na vipimo vingine. Maana yake ni kwamba mtihani mzima unaweza kuwapanga watahiniwa vizuri huku swali mojamoja likitoa habari ya uongo kuhusu kile wanachokijua. Anayetumia matokeo kuwapanga watu hataumia. Anayeyatumia kuamua afundishe nini kesho ataumia.

Kuhusu idadi ya machaguo, mapitio ya Michael Rodriguez ya mwaka 2005 yaliyochambua tafiti za miaka 80 yalihitimisha kwamba machaguo matatu yanatosha kwa kawaida. Swali la mabasi linaonyesha sababu: majibu yenye asili katika fikra za watoto ni 31, 31 baki 12 na 32, na la nne lingekuwa la kujaza nafasi.

Lifti ya watu 14

Baada ya haya yote ni rahisi kudhani kwamba dawa ni kuyafanya maswali yawe ya hali halisi. Swali lingine la aina hiihii linaitia dhana hiyo mashaka. Katika mitihani ya kitaifa ya Uingereza ya mwaka 1992 wanafunzi walionyeshwa tangazo la lifti inayobeba hadi watu 14, wakaambiwa kwamba asubuhi watu 269 wanataka kupanda, na wakaulizwa lifti itapanda mara ngapi. Safari 19 hubeba watu 266, kwa hiyo jibu lililotakiwa ni 20.

Barry Cooper na Máiréad Dunne, waliochunguza kwa kina jinsi watoto wanavyojibu maswali ya namna hii katika mitihani hiyo, walionyesha udhaifu wake. Ili upate 20, ni lazima uzingatie uhalisi kiasi cha kukataa sehemu ya safari, lakini usizidi hapo. Usijiulize kama lifti itajaa kila mara, kama wengine watachoka kungoja wakapanda ngazi, au kama mtu mwenye kiti cha magurudumu atachukua nafasi ya watu wawili. Mtoto anapaswa kukisia kiwango cha uhalisi ambacho msahihishaji anakitaka, na kiwango hicho hakijaandikwa popote. Walipolinganisha matabaka, waliona kwamba pengo kati ya watoto wa familia za wafanyakazi wa chini na wale wa tabaka la juu lilikuwa kubwa zaidi katika maswali ya hali halisi kuliko katika maswali ya hisabati tupu. Mbinu iliyodhaniwa kuwa inamkaribia mtoto wa kawaida ilikuwa inamtega.

Kuliandika upya

Mgawanyo mmoja wa 1,128 kwa 36 una majibu manne halali kulingana na kinachoulizwa. Mabasi ya kuwachukua wote ni 32. Makasha yatakayojaa kabisa ukipakia chupa 1,128, kila kasha chupa 36, ni 31. Chupa zitakazobaki nje ni 12. Kilo 1,128 za nafaka zikigawiwa sawasawa watu 36, kila mmoja anapata kilo 31 na theluthi moja. Mtunzi anayetaka kujua kama wanafunzi wanaelewa baki ana nyenzo bora zaidi katika maswali haya manne kuliko katika la mabasi peke yake, kwa sababu mwanafunzi aliyejizoesha kuongeza moja kila aonapo baki atapata la kwanza na kuyakosa mengine, na kosa lake litaonekana.

Kwa mtihani mdogo unaosahihishwa na mwalimu mwenyewe, ningeligawa swali la mabasi katika alama mbili: moja kwa mgawanyo sahihi, nyingine kwa uamuzi. Ningeondoa pia nafasi tupu ya jibu na kuweka mahali pake fomu fupi ya maombi ya magari, yenye mstari wa idadi ya mabasi na mstari mmoja wa sababu, ili jibu lipate mpokeaji hata likiwa kwenye karatasi. Mwongozo wa kusahihisha ungetamka wazi kwamba aliyeandika 31 na kueleza jinsi askari 12 watakavyosafirishwa anapata alama ya pili kama aliyeandika 32. Bila sentensi hiyo kwenye mwongozo, mstari wa sababu ni mapambo tu, kwa kuwa wasahihishaji wakichoka hutazama namba na kuendelea.

Kwa mitihani mikubwa inayosahihishwa na mashine, mstari wa sababu hauwezekani kwa gharama ya kawaida, na hapo ndipo yale maswali manne yanapofaa, kila moja likiwa na nafasi ya kuandika namba. Yasifuatane. Mtoto akiulizwa chupa ngapi zitabaki na mara moja baada ya hapo akaulizwa mabasi, swali la kwanza litakuwa limemjibia la pili, na asilimia ya waliopata 32 itapanda kwa sababu ya mpangilio wa kurasa. Yatawanywe katika karatasi, kwa namba tofauti zenye ugumu unaolingana, au yagawanywe katika matoleo tofauti ya mtihani kama NAEP inavyofanya kwa maswali yake, ambapo hakuna mtoto anayejibu yote lakini kundi zima limeyajibu yote. Njia hii ya pili humnyima mwalimu habari ya mtoto mmoja mmoja, kwa hiyo anayetunga lazima aamue mapema kama taarifa itakwenda kwa mzazi au kwa wakuza mitaala, kabla ya kuandika hata neno moja kuhusu askari.